Hita moja, kelele tano: uchambuzi wa kisa

Katika nyumba hii nilikuwa fundi wa tatu kuitwa. Majina, mahali na aina ya mtambo nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya familia nimeyageuza ili wasitambulike. Yanayohusu maji, moto na sauti nimeyaacha yalivyokuwa, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Nyumba na hita yake

Nyumba ina watu watano: mama mwenye nyumba, mumewe, watoto wawili, na bibi, mamake mume. Hita ilikuwa ya gesi, ya aina isiyo na tangi, imetundikwa nje kwenye ukuta wa chumba cha bibi. Kwa hiyo aliyeijua kelele ile kuliko wote ni yeye, na ndiye ambaye mafundi wawili wa mwanzo hawakumuuliza kitu.

Hita ya namna hii haihifadhi maji. Ukifungua bomba la maji moto, kihisi kinaona maji yanapita, feni inazunguka, cheche zinapiga, gesi inawaka, na maji yanapashwa yakiwa njiani ndani ya koili ya shaba. Ni kazi nzito ya sekunde chache. Kupandisha lita 10 kwa dakika kwa nyuzi 35 kunataka takriban kilowati 24, yaani sawa na birika 12 za umeme za kilowati 2 zikiwaka pamoja ndani ya kisanduku kisichozidi upana wa kifua cha mtu. Mtambo wa hivyo hauwezi kuwa kimya. Uvumi wa feni, mlio mdogo wa vali inapofunguka, pumzi ya moto: hizo ni sauti za kazi, wala hazina neno.

Mtambo ulikuwa na miaka minne. Maji yalitoka kisima kirefu, na karatasi ya kupimia ugumu wa maji ilisoma miligramu 250 kwa lita. Kwa vipimo vya kawaida, chochote kinachozidi 180 huitwa maji magumu sana. Joto lilikuwa limewekwa nyuzi 60 tangu siku ya kufungwa. Chini ya hita palikuwa na koki mbili zenye vidomo vya pembeni, vya kufungia mipira wakati wa kusafisha. Vilikuwa bado vimefunikwa na vifuniko vyake vya kiwandani. Kijana wa nyumba alidhani ni mabomba ya akiba.

Ilivyoanza, na waliotangulia

Kwanza ilikuwa mnong'ono. Bibi alisema ulifanana na birika kabla maji hayajachemka, ule mguno unaotangulia mvuke. Baada ya miezi kadhaa ukawa ngurumo inayosikika hadi sebuleni.

Fundi wa kwanza alisema ni hewa kwenye mabomba. Alifungua mabomba yote ya maji moto kwa nusu saa, ngurumo ikapungua, akaondoka. Jioni ikarudi. Leo naelewa kwa nini ilipungua: mabomba yote yakifunguka pamoja, maji yanayopita yanazidi uwezo wa hita, yanatoka ya vuguvugu, na koili inapoa. Dawa yake ilifanya kazi, ila si kwa sababu aliyoitaja.

Wa pili alisema ni feni. Akaifungua, akaifuta, akaipaka grisi, akairudisha. Hakuna kilichobadilika.

Kisha baba mwenye nyumba, kwa ushauri wa jirani kwamba "nguvu ya maji ni kubwa mno", akabana nusu ile koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Ngurumo ilibaki, ikaongezeka filimbi, na maji ya kuoga yakaanza kubadilikabadilika: moto, baridi, moto, baridi. Kila yakigeuka moto, nje kulisikika kishindo kidogo, pu, kama mtu anayefunga mlango wa gari kwa upole.

Kishindo hicho hakuna aliyekilalamikia. Kilikuwa kifupi, na ngurumo ndiyo iliyowanyima usingizi.

Daftari la mama

Mama aliponipigia simu alianza kunielezea sauti. Nilimkatiza, nikamwomba radhi, nikasema: "Mama, usiniandikie ilivyolia. Niandikie ililia wakati gani. Maji yalikuwa yanapita au yamefungwa, na nani alikuwa anatumia nini." Nilimpa siku mbili. Aliniandikia haya kwenye daftari la shule la mwanawe:

"Asubuhi, kuoga. Ikiwaka: pu. Kisha inanguruma mpaka mwisho."

"Kunawa mikono. Pu, inazima. Pu, inazima. Pu."

"Mashine ya kufulia ilipokata maji: goo! ukutani, mara moja."

"Filimbi. Wakati wowote maji moto yanapopita."

"Usiku, hakuna anayegusa maji: tik, tik, tik. Mama mkwe ndiye anayesikia."

Huenda msomaji ameshaona nilichokiona. Hizi ni kelele tano, na kila moja ina saa yake. Moja ni ya kuwaka, moja ya kuendelea kuwaka, moja ya maji kusimama ghafla, moja ya maji kupita, na moja ya kupoa. Waliotangulia walikuwa wakitafuta ugonjwa mmoja.

Siku ya kwanza: nilizima gesi

Nilipofika nilimwomba kijana afungue bomba la jikoni kidogo tu, nami nikasimama kando ya hita, si mbele yake. Cheche zikapiga ta-ta-ta-ta, zikaendelea kuliko inavyopasa, kisha pu. Kifuniko cha mbele kikatetemeka. Kwenye tundu la kutolea moshi palikuwa na weusi kidogo.

Nikazima gesi kwenye koki yake, nikamwambia mama kwamba hita haitawashwa mpaka kichomea kifunguliwe. Hakufurahi. Alikuwa ameniita kwa sababu ya ngurumo, na mimi nimemwachia nyumba bila maji moto kwa sababu ya sauti ambayo yeye aliizoea.

Sababu ni hii. Mpangilio wa kawaida ni gesi na cheche kukutana mara moja na moto mdogo kuenea. Moto ukichelewa, hata kwa sekunde moja au mbili, gesi inajikusanya ndani ya sanduku, kisha inashika yote kwa pamoja. Kishindo ni mlipuko mdogo. Leo unatikisa kifuniko, kesho unaweza kukirusha. Na weusi pale kwenye moshi unasema gesi haiungui sawasawa, hali inayozaa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Hita hii ilikuwa nje, bahati njema, lakini hatua mbili tu kutoka dirisha la bibi. Nikawaagiza wafunge kengele ya kaboni monoksidi chumbani mwake kabla hita haijawashwa tena. Nikaongeza kwamba wakiumwa vichwa wote pamoja nyumbani na kupata nafuu wakitoka nje, wasimeze dawa wakalala. Watoke, waite msaada.

Uamuzi wa pili siku hiyo ulikuwa kutokugusa kichomea mimi mwenyewe. Mimi ni fundi wa maji. Nimeona vichomea vingi, najua kinavyofunguliwa, na ndiyo maana nilijizuia: kujua kufungua si sawa na kuwa na kipima presha ya gesi na leseni ya kukitumia. Nilimwita mwenzangu wa gesi.

Kabla hajafika, nikatumia ule muda wa gesi kuzimwa kwa jaribio ambalo huwa halinigharimu kitu. Nilifungua bomba la maji moto huku hita imezimwa. Ngurumo haikuwepo. Filimbi ilikuwepo vilevile. Kwa hiyo ngurumo ni ya moto na maji kukutana, na filimbi ni ya maji peke yake. Nikafungua ile koki iliyobanwa mpaka mwisho, na filimbi ikakatika kama imezibwa mdomo. Moja imekwisha. Nilichomoa na chujio dogo la mlango wa maji. Lilikuwa na mchanga wa kujaza ncha ya kijiko. Nikalisafisha, nikarudisha.

Alichokuta fundi wa gesi

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kazi haikuwa yangu. Alikuta utando wa buibui ndani ya midomo miwili ya gesi, vumbi kwenye njia ya hewa, na ncha ya kiwashio imefunikwa na kutu nyeupe. Buibui hupenda vijitundu hivyo, na tundu la gesi likizibwa nusu, moto huanzia upande wa mbali na cheche na kuchelewa kufika. Alisafisha, akapima presha ya gesi hita ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka kwa nguvu zote, akatazama mwali: buluu, umetulia, hauna ncha za manjano. Cheche zikapiga mara mbili, moto ukashika bila kishindo.

Alinionyesha na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Hita nyingi za aina hii haziwaki mpaka zione maji kama lita 2 na nusu kwa dakika. Baba alipobana koki, mtiririko wa bomba la kunawia ukawa unaning'inia pale pale kwenye mpaka: ukizidi kidogo hita inawaka, ukipungua kidogo inazima. Ndiyo ile "pu, inazima, pu" ya kwenye daftari. Yaani kubana koki hakukuleta kishindo, kulikifanya kitokee mara kumi kwa siku badala ya mara mbili.

Ngurumo, siki, na hesabu niliyoiruka

Moto ulipokuwa salama tuliwasha, na ngurumo ikaja, safari hii bila filimbi ya kuifunika. Nilichukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye bomba linalotoka kwenye koili, mpini nikauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ni stetoskopu ya maskini na haidanganyi. Niliyoisikia haikuwa ngurumo tena. Ilikuwa changarawe zinazomiminwa juu ya bati, punje moja moja, nyingi mno. Nikamwambia kijana ashushe joto kutoka 60 hadi 45. Changarawe zikapungua, zikabaki punje za hapa na pale. Akairudisha 60, zikamiminika.

Huo ni ukoko wa chokaa. Maji magumu yamebeba kalisi iliyoyeyuka. Yakipashwa, hewa ukaa iliyomo inatoka na kalisi haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Inaganda pale palipo moto zaidi, yaani ukutani mwa koili. Ukoko huo hauruhusu joto kupita: shaba hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko chokaa. Shaba iliyo chini yake inazidi kupata moto, na vijimaji vilivyonaswa kwenye matundu ya ukoko vinachemka kwa nguvu huku maji yanayopita katikati hayajafika hata nyuzi 60. Kila kiputo cha mvuke kinatoka, kinakutana na maji ya baridi zaidi, kinasinyaa ghafla, kinapiga ukuta. Zidisha kwa maelfu kwa sekunde, utapata ngurumo. Bibi alipotaja birika alikuwa ametaja chanzo chenyewe, si mfano.

Na hapa ndipo koki iliyobanwa ilipoongeza ubaya mara ya pili. Maji yakiwa chini ya presha hayachemki kwenye nyuzi 100. Kwenye bar 3 za geji (bar ni kipimo cha presha, na geji huhesabu inayozidi ya hewa ya nje) yanasubiri mpaka karibu 144. Kwenye bar 1, 120 tu. Ukibana mlango wa kuingilia kisha ukafungua bomba la kuogea, presha ndani ya koili inaanguka, na kuchemka kunakuwa rahisi. Baba alidhani anaituliza hita.

Nilifunga koki zote mbili, nikazima umeme na gesi, nikatoa presha kupitia kidomo, nikaunga mipira miwili: mmoja kutoka kwenye pampu ndogo iliyo ndani ya ndoo hadi upande wa maji baridi, mwingine kutoka upande wa maji moto kurudi ndooni, mdomoni nimeufunga soksi kuukuu. Nikamimina lita 8 za siki nyeupe ya asilimia 5. Ndani ya dakika mbili povu lilipanda, siki ikageuka rangi ya udongo, na kwenye soksi vikaanza kugonga vipande vyembamba kama maganda ya yai. Nikaiacha izunguke saa nzima, nikasuuza kwa maji safi dakika kama 5, nikawasha. Kimya. Mama akapiga makofi. Nikakusanya vifaa nikiwa nimeridhika nafsi.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. "Fundi, imerudi. Si kama zamani, lakini mama mkwe anasema imerudi." Nilijaribu kumwambia labda ni feni. Namshukuru kwamba hakukubali.

Usiku huo nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kufungua chupa. Tuseme nyumba inatumia lita 200 za maji moto kwa siku. Kwa miligramu 250 kwa lita, gramu 50 za chokaa zinapita kwenye koili kila siku, zaidi ya kilo 18 kwa mwaka. Sehemu kubwa inapita ikaenda zake. Lakini ikibaki asilimia 1 tu, ni gramu 180 kwa mwaka, na kwa miaka minne zaidi ya gramu 700. Sasa upande wa siki: lita 8 za asilimia 5 zina gramu 400 za asidi, na asidi hiyo, ikitumika hadi tone la mwisho, inayeyusha takriban gramu 330 za chokaa. Haifiki hata huko, kwa sababu inachoka polepole inavyokaribia mwisho. Ile asilimia 1 ni makisio, siyo kipimo, lakini makisio yalitosha kunionyesha kwamba siki yangu ilikuwa imekufa ndani ya ndoo wakati mimi naangalia saa. Nilipima muda. Nilipaswa kupima kama asidi ingali hai.

Niliporudi nilitumia asidi ya sitriki, gramu 500 kwenye lita 10 za maji ya vuguvugu. Si ya moto sana, kwani ikizidi joto na ukali inaweza kuacha mashapo meupe ya kwake, ukabadilisha ukoko kwa ukoko. Nilizungusha upande mmoja, kisha nikabadilisha mipira ikapita kinyumenyume, na vipande ambavyo mkondo wa kwanza ulikuwa ukivigandamiza vikatoka. Kila baada ya dakika 15 nilichukua kijipande kutoka kwenye soksi nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya ndooni. Kikitoa povu, asidi ingali na kazi. Kikitulia kama jiwe, imekwisha, mwaga, changanya nyingine. Nilichanganya mara mbili. Ya pili ilibaki inatoa povu kwenye kikombe lakini soksi ilikuwa tupu, na hapo ndipo nilipojua koili haina tena cha kutoa.

Goo ya ukutani

Hii niliiacha makusudi mpaka mwisho. Mashine ya kufulia hukata maji kwa vali ya umeme, ghafla kuliko mkono wa mtu yeyote. Maji yanayokwenda mita 1 na nusu kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo ndani ya bomba la shaba yanaweza kupandisha presha kwa bar 18 hivi, kwa muda mfupi mno. Geji niliyoiacha usiku kucha ilisoma bar 6 tuli, ambazo nazo zilikuwa nyingi, na bomba lilikuwa limeshikwa kwa vibano viwili tu kwenye ukuta mrefu. Jirani, kwa haki yake, hakukosea: nguvu ya maji ilikuwa kubwa. Alikosea mahali pa kuipunguzia.

Nilifunga vali ya kupunguza presha kwenye mlango wa maji ya nyumba nzima, nikaiweka bar 3. Kichupa cha kumeza mshtuko karibu na mashine ya kufulia. Na vibano vinne vyenye raba. Kwa nini mwisho? Kwa sababu kushusha presha kutoka 6 hadi 3 kunashusha na kiwango cha kuchemka ndani ya koili, kutoka nyuzi 165 hadi 144. Ningeanza na hilo huku ukoko ungalipo, ngurumo ingeongezeka, na familia ingeamini nimeharibu.

Matokeo

Kishindo, ngurumo, filimbi na goo vilikwisha. Tik ya usiku haikwisha. Ni bomba la maji moto linapopoa na kusinyaa: mita 10 za shaba zikipoa kwa nyuzi 40 zinafupika kwa milimita 6 au 7, na kila linapojivuta kwenye tundu la ukuta linagonga. Kuiondoa kungehitaji kubomoa plasta ya chumba cha bibi. Nilimweleza, nikamshika mkono nikamwekea kiganja ukutani asikie lilipo. Akasema, "Mradi najua ni nini, baba, liache likae." Tukaliacha.

Joto lilishushwa hadi 48. Ukoko unaganda polepole zaidi hapo, na pia nyumba ina mtoto mdogo na mzee: maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya kwa sekunde chache, ya 48 yanakupa muda wa kutoa mkono.

Uchambuzi

Lililosaidia kuliko vyote ni daftari. Sauti ikielezwa kwa maneno, kila fundi husikia ugonjwa anaoufahamu yeye: wa hewa akasikia hewa, wa feni akasikia feni. Ikielezwa kwa wakati, orodha inajigawa yenyewe. Jaribio la kufungua bomba la maji moto huku gesi imezimwa ni ndugu wa daftari hilo, na mwenye nyumba yeyote anaweza kulifanya bila spana.

Kuzima gesi kabla ya kushughulikia lililonileta kulinigharimu kuaminiwa kwa siku tatu hivi. Ningerudia. Tatizo la nyumba hii ni kwamba kelele kubwa ndiyo iliyokuwa na hatari ndogo. Ngurumo inakula gesi na kufupisha maisha ya koili. Inaweza kuvumiliwa mwezi. Kishindo cha nusu sekunde hakivumiliwi hata mara moja, nacho ndicho kilichozoeleka. Mtambo wenyewe haukusaidia: haukuonyesha namba yoyote ya hitilafu, kwa kuwa mwisho wa yote moto ulikuwa unawaka na maji yanatoka kwenye joto lililoombwa. Kwa akili ya mtambo, kazi imefanyika.

Lililoshindwa kwa upande wangu nimeshalisema, ila kuna la pili lililojificha nyuma yake. Baada ya siki ya kwanza niliwasha hita, nikasikiliza dakika tano kwenye joto la 45, kwa kuwa kijana alikuwa amelishusha tena hapo. Ningesikiliza kwenye 60, ambapo ngurumo ilikuwa inaishi, ningesikia mabaki siku ile ile. Nilijaribu dawa pale ambapo ugonjwa haukuwepo.

Kuhusu ubanaji wa koki, simlaumu baba. Alishauriwa jambo lenye ukweli nusu, akaona koki yenye mpini mwekundu, akaigeuza. Aliyefunga hita ndiye aliyepaswa, miaka minne nyuma, kumwonyesha mtu mmoja wa nyumba ile vidomo viwili na kumwambia kazi yake. Dakika kumi. Sijui kwa nini kazi yetu hii inapenda kuondoka na maelezo mfukoni.

Kama kungekuwa na nafasi ningependekeza mtambo wa kulainisha maji kabla hayajafika kwenye hita. Familia haikutaka, na hoja yao ilikuwa nzuri: kijana ameshajua kuunga mipira. Tulikubaliana miezi sita.

Miezi sita ilipotimia nilikwenda, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sikugusa kitu. Kijana alizima gesi, akazima umeme, akafunga koki, akatoa presha, akaunga. Bibi alikuwa ameletewa kiti mlangoni. Baada ya dakika 40 soksi ilikuwa na vipande vya kujaza kijiko kimoja. Kijana akachukua kidogo, akakitumbukiza kikombeni. Kikatoa povu. Akanitazama, nikamtazama bibi, naye akasema bado kuna kidogo, aongeze robo saa.